Fundi Anayejua Kazi Aseme Nini kwa Kiingereza

Mafinga kuna vijana wanaoweza kuufungua msumeno wa mkanda, kuunoa, kuupanga meno na kuurudisha kwenye mashine kabla lori la magogo halijamaliza kushusha. Mbarali wapo waendesha kombaini wanaovuna mpunga kwenye majaruba yenye tope bila mashine kuzama. Rungwe wapo dada zetu wanaobebesha miche ya parachichi siku nzima, na miche inashika. Waulize kwa Kiswahili, watakueleza kazi yao mpaka uione. Waombe waandike kwa Kiingereza, na karatasi zote zitafanana: “I know to drive.” “I know to repair.” “I have knowledges of machineries.” “I can be able to work under pressure.” Mwajiri akizisoma hawezi kujua kama aliyeandika ni fundi, au ni mtu aliyewahi kusimama kando akimtazama fundi.

Mimi naamini kazi ya mikono inaelezwa vizuri sana kwa Kiswahili, na tangazo linaloruhusu Kiswahili lijibiwe kwa Kiswahili, tena kilichonyooka. Lakini kwetu Nyanda za Juu Kusini Kiingereza kinakufuata hata usipokiita. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yetu, kutoka mteremko wa Kitonga hadi Tunduma, na lori la Ndola au Lubumbashi likikwama Chimala usiku, dereva wake hana muda wa kujifunza Kiswahili. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, imewakutanisha Watanzania na Wazambia katika karakana moja hadi leo. Mashamba ya chai ya Mufindi, kambi za watalii za Ruaha, miradi ya kilimo, hospitali za misheni, zote hizi siku moja zitakuuliza kwa Kiingereza: unajua kufanya nini?

Jibu la swali hilo linahitaji kanuni chache tu za sarufi, na zote zinaweza kujifunzwa na mtu aliyeishia darasa la saba. Nitazieleza kwa mifano ya kazi za huku, kwa sababu mifano ya vitabuni ya kucheza piano na kuteleza kwenye theluji haimsaidii mtu wa Igurusi.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote. Kiswahili kinasema “najua kuendesha”, “anajua kushona”, “hatujui kuogelea”. Kitenzi “kujua” kinapokea kitenzi kingine moja kwa moja, bila kitu katikati. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwa Kiswahili huandika “I know to drive”, na kwa mantiki ya Kiswahili yuko sahihi kabisa. Wala si sisi peke yetu. Jirani yetu wa Kongo aliyesoma Kifaransa husema “je sais conduire”, najua kuendesha, na hapo katikati hakuna neno lolote. Kiingereza ndicho kilichochagua njia yake. Ukitaka kutaja ujuzi wa kutenda kwa kitenzi “know”, lazima uweke “how to” kabla ya kitenzi kinachofuata: “I know how to drive.” “She knows how to sew.” “We don't know how to swim.” Ukimtaja mtu wa tatu, “know” inapata “s”, lakini kitenzi kinachokuja baada ya “how to” hakibadiliki kamwe. Usiandike “she knows how to sews”, wala “I knew how to drove”. Hata ukizungumzia jana, “how to drive” inabaki “how to drive”.

Walimu wengi husema “know to” ni kosa, wakaishia hapo. Si kweli, na kwa mtu anayefanya kazi na mashine, nusu hii iliyoachwa ni ya muhimu mno. “Know to” ipo katika Kiingereza sanifu, ila haisemi ujuzi. Inasema kwamba mtu anafahamu jambo analopaswa kufanya, kwamba ana akili ya kulifanya wakati unapofika. Fikiria kijana wa Mafinga anayefanya kazi kwenye ile mashine ya kupasulia mbao ambayo huku tumezoea kuiita ding dong. Anaweza kusema, “I know how to change the blade,” yaani mikono yake inaweza kubadilisha msumeno. Anaweza pia kusema, “I know to switch off the engine before I touch the blade,” yaani anafahamu kwamba lazima azime injini kwanza, na atazima. Sentensi zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni ya ufundi, ya pili ni ya usalama, na msimamizi mwenye busara angependa kuzisikia zote mbili kutoka kwa mtu yule yule. Sasa uone kinachotokea ukisema “I know to change the blade”. Msikilizaji anaelewa kwamba unajua kuna wakati wa kubadilisha msumeno. Kama unaweza kuubadilisha au la, bado hajui.

Kuna “know” nyingine inayochanganywa na “know how to”. Ukisema “I know about bees”, umesema una habari za nyuki: wanaishi vipi, wanatengeneza asali lini, pengine ulisoma. Ukisema “I know how to keep bees”, umesema unaweza kupewa mizinga leo. Mwanafalsafa wa Oxford aitwaye Gilbert Ryle alitoa kitabu mwaka 1949, The Concept of Mind, na ndani yake akatumia sura nzima kutenganisha kujua jinsi ya kutenda na kujua kwamba jambo liko hivi au vile. Fundi hahitaji kumsoma Ryle, lakini tofauti hiyo anakutana nayo kwenye usaili. Wanapouliza kwa maandishi wanapima habari ulizonazo. Wanapokuita kwenye usaili wa vitendo wanapima mikono. Kama barua yako imejaa “I have knowledge of”, umejieleza kwa upande wa habari tu, na mikono yako umeiacha nyumbani.

Jambo jingine liko kwenye mpangilio wa maneno. Watu wetu husema “I know how does this pump work” au “I know how can I repair it”. Hapo swali limeingizwa ndani ya sentensi isiyo swali. Ukishaanza na “I know”, ule mgeuzo wa swali unaondoka: “I know how this pump works.” “I know how to repair it.” Sentensi hizi mbili nazo si sawa kwa maana, na zikiambatana zinapendeza sana masikioni mwa mwajiri, kwa sababu ya kwanza inasema unaelewa pampu inavyofanya kazi na ya pili inasema unaweza kuitengeneza. Fundi anayezisema zote mbili amejitofautisha na yule anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwenye “can”, ambalo ndilo neno rahisi kuliko yote na ambalo watu wengi wanalikwepa kwa kudhani ni la watoto. Si la watoto. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lenyewe lilikuwa na maana ya kujua, na hata leo “I can weld” ni sentensi kamili, fupi, yenye nguvu. Inasema najua kuchomelea na naweza. Ukiwa na shaka na “know how to”, tumia “can” na hutakosea. Linalokuharibia ni kuliongezea mzigo: “I can be able to weld.” “Can” na “be able to” zina kazi moja, kwa hiyo unachagua mojawapo. “Be able to” inakufaa pale “can” isipoweza kufika, kwa mfano baada ya “will” au “should”: “I will be able to start on Monday.” Na baada ya “can” hakuna “to”. “I can to drive” haipo.

Wakati uliopita una mtego unaowanasa hata waliomaliza chuo. Chukua fundi wa Uyole aliyeitwa usiku kutengeneza gia boksi ya lori chini ya Mlima Nyoka, akaitengeneza, lori likaondoka alfajiri. Akija kusimulia anasema, “I could fix the gearbox.” Kwa Kiswahili amefikiri “niliweza kutengeneza”. Mwingereza anaposikia “I could fix the gearbox” anaelewa kitu kingine: ningeweza kuitengeneza, kama ungetaka. Kazi nzima ya usiku imegeuka kuwa ahadi. “Could” ya wakati uliopita hutumika kwa uwezo wa jumla uliokuwa nao muda mrefu: “When I was twelve, I could plough with oxen.” Kwa tendo moja lililofanikiwa siku fulani, sema “I was able to fix the gearbox”, au bora zaidi, “I managed to fix the gearbox”, ambayo inabeba na ule ugumu ulioushinda. Na kama hakukuwa na ugumu wowote, sema tu “I fixed the gearbox.” Kwenye kukanusha mtego unaondoka: “I couldn't fix it” na “I wasn't able to fix it” zote zinasema umeshindwa.

Viko virai vingine vya kutaja ujuzi ambavyo ni vizuri kuvijua, na vyote vinafuata kanuni moja. Kila kihusishi kama “at”, “in”, “of” au “without” kikifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho huvaa “-ing”. “I am good at grafting.” “I have experience in spraying tomatoes.” “I am capable of running the workshop alone.” Watu huandika “good in to graft” na “experience to spray”, na hizo zote zimekosea mahali pamoja. Matangazo ya udereva serikalini, kwa mfano, huomba leseni daraja la C au E na uzoefu wa kuendesha kwa mwaka mmoja au zaidi bila kusababisha ajali. Mtu akijibu tangazo hilo kwa Kiingereza aseme, “I have driven Class C vehicles for three years without causing an accident.” Maneno hayo yanatosha, hayahitaji pambo.

“To” ndiyo inayowapoteza watu hapa, kwa sababu kuna mahali inafuatwa na “-ing”, na mahali hapo ni pale Kiswahili kinaposema “nimezoea”. Dereva wa Kitonga aliyezoea kushuka usiku na mzigo aseme, “I am used to driving down Kitonga at night.” Akiondoa “am” na “-ing” na kusema “I used to drive down Kitonga at night”, amesema kwamba zamani alikuwa akishuka Kitonga usiku na sasa ameacha. Mwajiri atajiuliza kwa nini aliacha. Alipata ajali? Macho yameharibika? Herufi chache zimeleta maswali ambayo hayakuwepo. Katika makosa yote ninayoyataja, hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa sentensi haina dalili ya kosa. Msomaji haoni cha kusahihisha, anaelewa visivyo na kuendelea kusoma.

Kuhusu muda. Kiswahili kinasema “naendesha tangu 2018”, na watu wanaandika “I am driving since 2018”. Kazi iliyoanza zamani na inaendelea inataka “have been”: “I have been driving since 2018,” au “I have been driving for seven years.” “Since” inafuatwa na mwanzo, “for” inafuatwa na urefu. Ukitaja mwaka uliokwisha, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: “In 2022 I installed solar panels in Kilolo.” Usiandike “I have installed in 2022”. Ukitaka kusema umewahi kuifanya kazi bila kutaja lini, hapo “have” inarudi: “I have installed solar panels.” Uzoefu wa miaka mitano ni “five years of experience”. “Experiences” zenye “s” ni mambo yaliyompata mtu maishani, mazuri na mabaya, na mwajiri hakuyaulizia. “Knowledge”, “equipment” na “machinery” hazipokei “s” hata vifaa vikijaza bohari.

Nataka kukaa kidogo kwenye “teach” na “learn”, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi wanapojipunja. Mafundi wengi wa Mbeya na Iringa hawakupitia darasani. Walifundishwa na baba, na mjomba, na fundi mkuu wa gereji aliyewatuma kununua chai mwaka mzima kabla ya kuwapa spana. Wakifika kwenye barua ya Kiingereza wanaificha habari hiyo kana kwamba ni aibu. Si aibu hata kidogo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi wa mtaani hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti, na serikali imeuingiza utaratibu huo katika mpango wake wa kitaifa wa kukuza ujuzi. Kwa hiyo iseme asili ya ujuzi wako, tena kwa fahari: “My uncle taught me to repair diesel engines.” “I learned to graft avocados from my mother.” “I learned the trade in a garage in Mwanjelwa.” Baada ya “teach” na “learn” unaweza kuweka “to” peke yake au “how to”, zote zinakubalika. Kati ya hizi tatu, ni “know” pekee inayoshikilia “how”. Angalia tu usiseme “my uncle learned me”. Anayetoa ujuzi ni “taught”, anayeupokea ni “learned”.

Basi tuje kwenye karatasi yenyewe. Karibu na kila chuo na kila ofisi ya wilaya kuna steshenari zinazouza wasifu uliokwisha kuandikwa. Kijana analipa, anabadilishiwa jina na namba ya simu, anaondoka na ukurasa unaosema ni mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na ni mtu wa kushirikiana na wenzake. Ukurasa ule ule umekwisha kutolewa kwa dada wa mapokezi, kwa fundi bomba na kwa mhasibu. Siwalaumu wanaouza, wanatafuta riziki. Nakulaumu wewe unayejua kazi na kukubali kuelezwa kwa maneno ambayo asiyejua kazi anaweza kuyanunua kwa bei ile ile. Sifa za tabia haziwezi kuthibitishwa kwenye karatasi. Tendo linaweza.

Huu ni mfano wa mwendesha mashine wa Mbarali. Wa steshenari ungesomeka hivi: “I am hardworking person with knowledges of agricultural machineries. I know to drive tractor and I can be able to work under pressure.” Sasa soma huu: “I have been operating combine harvesters in Mbarali since 2018. I know how to harvest wet fields without getting the machine stuck, and I do the daily greasing and belt checks myself. I can also drive a tractor and a power tiller. I learned the work from an older operator in Ubaruku, and I am still learning to repair hydraulic systems.” Hakuna neno gumu humo. Kila sentensi ina kitenzi cha kazi, ina kitu kinachotendwa, na inapowezekana ina mahali au muda. Mtu mwenye kombaini akisoma kuhusu shamba lenye tope anajua mara moja kwamba anayeandika amewahi kukaa kwenye kiti kile, kwa sababu tope ndiyo taabu ya bonde la Usangu huko Mbarali na mtu wa steshenari haijui.

Tazama pia sentensi ya mwisho ya mfano huo. “I am still learning to repair hydraulic systems” ni ukiri wa mpaka wa ujuzi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoifanya barua nzima iaminike. Lakini ukiri huo una namna yake. Sisi watu wa huku tumelelewa kujishusha mbele ya mkubwa. Mzee akikuuliza, “Unajua kujenga?” unajibu, “Najitahidi, mzee.” Yeye anaelewa kwamba wewe ni fundi mwenye adabu. Ukimjibu Mwingereza, Mchina au Mzambia “I am trying”, ataelewa kwamba bado hujaweza. Ukisema “I know small small”, ataelewa hujui. Adabu yetu haina makosa, ila haivuki mpaka ikiwa imevaa maneno yale yale. Kama unajua, sema “Yes, I can. I have built three houses in Ilula.” Kama unajua kiasi, kitaje kiasi hicho: “I can do basic wiring, but I haven't worked on three-phase systems.” Kama hujui na unataka kujifunza: “I don't know how to do that yet, but I'd like to learn.” Neno “yet” hapo ni dogo na lina faida kubwa, linamwambia mwenzako kwamba mlango uko wazi.

Hapo hapo kwenye usaili kuna jambo la “ndiyo” na “hapana” ambalo limewanyima watu kazi bila wao kujua. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, “Hujui kuchomelea alumini?” nawe kweli hujui, unajibu, “Ndiyo, sijui.” Umeikubali kauli yake. Kiingereza hakiitazami kauli ya muulizaji, kinatazama ukweli wa jambo. “You don't know how to weld aluminium?” Kama hujui, jibu ni “No, I don't.” Kama unajua, jibu ni “Yes, I do,” hata kama muulizaji alionekana kukukatalia. Usijibu kamwe kwa neno moja kwenye swali la namna hii. Ongeza “I do” au “I don't”, ili hata ukikosea neno la kwanza, la pili likuokoe.

Kazini kwenyewe utahitaji kuuliza zaidi ya kujisifu. “How to reset this machine?” ni kichwa cha habari cha kijitabu cha maelekezo, si swali. Ukiuliza mtu, sema “How do I reset this machine?” au, kwa heshima zaidi, “Could you show me how to reset this machine?” Ukikutana na kifaa usichokijua jina, Kiswahili kinakusukuma useme “How do you call this?” kwa kuwa tunasema “mnakiitaje”. Kiingereza kinasema “What do you call this?” Waongozaji watalii wa Ruaha wanalihitaji hili kila siku, maana mgeni naye huuliza majina ya ndege na miti, na mwongozaji anayesema “I can identify most of these birds by their calls” ameshajitambulisha kuliko beji aliyovaa.

Namna ya kujifunza yote haya ni kuachana na kutafsiri neno moja moja. Mwingereza A. S. Hornby alipokuwa akifundisha Japani aliona wanafunzi wake wanajua maana ya vitenzi lakini hawajui kitenzi kipi kinafuatwa na nini, na kamusi aliyoitunga na wenzake, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, ikapanga vitenzi kwa miundo yake. Oxford waliichapisha upya mwaka 1948, na ndiyo mama wa ile kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi inayouzwa mpaka leo. Ukiipata maktaba, au kwenye simu, usisome maana peke yake. Soma mifano iliyo chini ya kitenzi uone kinafuatwa na nini: “know how to do something”, “manage to do something”, “succeed in doing something”. Nakili muundo mzima kwenye daftari, kisha ondoa “something” na uweke kazi yako.

Daftari hilo liwe la kazi za siku. Jioni, kabla hujanawa mafuta mikononi vizuri, andika ulichofanya leo kwa wakati uliopita: “Today I replaced the clutch plate on a Fuso.” Chini yake andika kile ambacho sasa unakijua: “I know how to replace a clutch plate.” Kama ilikushinda, andika ilipokushinda: “I couldn't remove the flywheel.” Kisha zisome kwa sauti, ujirekodi kwenye simu na ujisikilize, hasa mwisho wa maneno, kwa sababu “I work” na “I worked” zinatenganishwa na sauti ndogo sana. Mpe mwenzako wa gereji akuulize maswali akiwa kama mwajiri, naye umuulize. Akikusahihisha usinune. Baada ya miezi michache utakuwa na kurasa nyingi za kazi zako mwenyewe, zenye tarehe, na siku tangazo likitoka utachagua sentensi sita au saba zinazolingana na kazi inayotangazwa, uziandike kwa mwandiko safi au uzichapishe, na steshenari utawalipa pesa ya karatasi na wino tu.